Shajara ya mradi: ramani za T1 kwa programu huria, Januari hadi Machi 2025

11 Januari

Nimeanza rasmi leo. Lengo naliandika hapa mwanzoni ili nisije nikalipoteza njiani: nataka njia kamili ya kutoka picha ghafi za MRI hadi ramani ya T1, ifanye kazi kwenye laptopu moja, isihitaji programu ya kulipia leseni, na kila hatua yake mtu aweze kuifungua na kuisoma. Maelezo yake yote yatakuwa kwa Kiswahili.

Kwa asiyelijua jambo hili, picha ya kawaida ya MRI haina kipimo. Weupe wa pikseli una maana pale tu unapoulinganisha na pikseli za jirani. Badilisha mashine au koili (antena inayopokea mawimbi kutoka mwilini), namba zote zinabadilika. MRI ya vipimo inauliza swali jingine: protoni za maji mwilini zikishavurugwa na wimbi la redio, zinachukua milisekunde ngapi kujipanga upya kuufuata uga wa sumaku? Muda huo ndio tunaoupima kwa T1. Kwenye mashine ya Tesla 3 (Tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), mada nyeupe ya ubongo huwa na kama milisekunde 850, mada kijivu 1300 na zaidi, na maji yanayouzunguka ubongo hufikia 4000. Namba hiyo inatakiwa iwe ya tishu yenyewe, isiyumbe kwa sababu mgonjwa amehamia hospitali nyingine.

Kilichonivuta hasa ni selimundu. Mtoto anayeongezewa damu mara kwa mara hujikusanyia chuma kwenye ini, na wakati mwingine hadi moyoni. MRI inaweza kukipima chuma hicho bila sindano, kwa kipimo kiitwacho T2*. Kwenye mashine ya Tesla 1.5, moyo wenye T2* chini ya milisekunde 20 unahesabiwa kuwa na chuma kilichozidi, na ukishuka chini ya 10 hatari ya moyo kushindwa kazi ni kubwa. Daktari anapanga dawa ya kuondoa chuma kwa kuangalia namba hiyo. Sasa programu ikitoa 22 badala ya 18, nani atajua? Naanza na T1 kwa sababu data zake za kujipimia zipo wazi kwa wingi. T2* itafuata nikishaamini mikono yangu.

14 Januari

Nimepitia zana tatu. hMRI imekaa juu ya SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo, na SPM inakaa ndani ya MATLAB, programu ya hesabu ya kulipia. Ni kazi ya kuheshimika, ila leseni ya MATLAB ndiyo ile ile ninayoikimbia. QUIT, iliyoanzishwa na Tobias Wood wa King's College London, imeandikwa kwa C++, ina kasi kubwa na inaendeshwa kwa mstari wa amri. Ya tatu ni qMRLab kutoka Polytechnique Montréal, Kanada. Imekusanya modeli nyingi chini ya paa moja, ina leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, na inakubali kuendeshwa kwa Octave, mbadala huria wa MATLAB.

Nimechagua qMRLab, na sababu kubwa ni maelezo yake. Kila modeli inakuonyesha mlinganyo wake, inakupa data ya mfano, na inakuambia matokeo yatakuwa na nini ndani. Pembeni yake nitaandika programu fupi yangu mwenyewe kwa Python, ifanye hesabu ile ile. Shahidi mmoja hatoshi.

Kontena ya Docker, yaani kifurushi chenye qMRLab na kila inachohitaji, nimeiwekea bando la usiku. Imeshuka yote kabla ya alfajiri.

19 Januari

Data nimezipata, na zina historia nzuri. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha watafiti wa MRI, ISMRM, kilitoa changamoto: chukua mpango mmoja wa upigaji ulioelezwa kwenye makala ya Joëlle Barral na wenzake ya 2010, upige kwenye mashine yako, kisha tuone kama tunapata T1 ile ile. Yalikuja mawasilisho 18, yenye seti 39 za fantomu (vyombo vya vimiminika vinavyopigwa badala ya mtu ili kuijaribu mashine) na 56 za watu, kutoka mashine za watengenezaji watatu. Karibu zote zilikuwa za Tesla 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024, na data pamoja na msimbo vimeachwa wazi kwa yeyote.

Kwenye fantomu, mtawanyiko kati ya wasilisho na wasilisho ulikuwa asilimia 6.1, na ndani ya wasilisho moja asilimia 2.9. Kwa watu, gamba la ubongo lilitawanyika kwa asilimia 16 kati ya mawasilisho. Asilimia 16, na wote walikuwa wamepewa mpango mmoja! Namba hii nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani mbele ya meza.

23 Januari

Ramani ya kwanza imetoka, na haifai kitu. Ubongo mzima una namba 1, isipokuwa kwenye maji ya katikati ambako kuna 4, na ukingoni 2 chache. Nilidhani nimeharibu faili, nikapakua upya. Ikatoka vile vile.

Kosa lilikuwa la vizio. Nilizipanga data kwa utaratibu wa BIDS, ule wa kuyapa mafaili ya picha za ubongo majina yanayoeleweka na kuweka pembeni ya kila moja faili dogo la JSON lenye maelezo yake. BIDS ilianza 2016, na sehemu inayohusu MRI ya vipimo iliingizwa baadaye. BIDS inaandika muda kwa sekunde. qMRLab inataka milisekunde. Nami nilisoma 0.05, 0.4, 1.1 na 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye JSON, nikaziingiza kwenye programu yangu inayotafuta T1 kuanzia 1 hadi 5000. T1 ya kweli ya mada nyeupe, kwa sekunde, ilikuwa 0.85, yaani chini ya mwanzo wa utafutaji, kwa hiyo programu ikakwama kwenye 1 na kunirudishia hiyo hiyo bila kulalamika.

Jambo linaloniuma ni kwamba haikulalamika. Nimeongeza ukaguzi: asilimia kubwa ya vokseli (pikseli zenye unene) ikigonga mpaka wa utafutaji, programu inasimama na kusema kwa nini.

27 Januari

Siku nne nimekaa kwenye jambo moja, na nataka nilieleze taratibu kwa sababu ndipo roho ya kipimo hiki ilipo.

Mbinu inaitwa kupindua na kurejea. Wimbi la redio linaupindua usumaku wa protoni kichwa chini, kisha unasubiri. Usumaku unaanza kupanda kutoka hasi, unapita sifuri, unaelekea chanya. Unapiga picha baada ya muda fulani wa kusubiri, yaani TI, halafu unarudia kwa TI nyingine. Mpango wa changamoto una nne: milisekunde 50, 400, 1100 na 2500. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 2550.

Nimechukua vokseli moja ya mada nyeupe. Namba zake nne, baada ya kuziweka kwenye kipimo cha 1000, ni hizi: 834, 203, 498, 946. Ukizitazama hivyo, zinashuka halafu zinapanda. Mkunjo wa kurejea haushuki hata siku moja. Tatizo ni kwamba mashine imehifadhi ukubwa tu na kutupa alama ya hasi. Ukweli wa vokseli hii ni −834, −203, 498, 946. Ukizichora hivyo, mkunjo laini unapita pote na T1 inatoka karibu na 850.

Lakini programu itajuaje kwamba 203 ni hasi? Ile 834 haina shida, iko mwanzoni kabisa. Namba ndogo kuliko zote ndiyo yenye utata, kwa sababu ndiyo iliyo jirani na sifuri: huenda bado iko chini, huenda imeshavuka. Jibu la Barral na wenzake ni la wazi. Jaribu zote mbili. Kwanza chukulia kwamba namba ndogo imeshavuka, oanisha mkunjo, pima mabaki, yaani tofauti kati ya mkunjo na data. Kisha chukulia bado haijavuka, pima tena. Mabaki yakiwa madogo, hapo ndipo penye ukweli. Kwa vokseli yangu mvuko wa sifuri uko karibu na milisekunde 550, kwa hiyo TI ya 400 bado iko chini, na mabaki yanalithibitisha hilo bila wasiwasi.

Uzuri wa qMRLab ni kwamba haifichi uamuzi huu. Pamoja na ramani ya T1 inakupa ramani nyingine iitwayo idx, inayosema kwa kila vokseli ni namba ya ngapi ya mwisho kugeuzwa kuwa hasi. Nilipoifungua nilikaa kimya. Mada nyeupe yote ilikuwa rangi moja, maji rangi nyingine, na kwenye mpaka kati yao kulikuwa na utepe wa vokseli zenye vurugu. Pale vokseli moja imebeba nusu tishu nusu maji, na namba ndogo imezama kwenye kelele, yaani kuyumbayumba kwa kipimo chenyewe. Programu iliyofungwa ingenipa T1 ya vokseli hizo kwa ujasiri ule ule inaonipa nyingine.

2 Februari

Mashahidi wawili wamekutana. Ramani ya qMRLab kupitia Octave na ramani ya programu yangu ya Python zinatofautiana kwa chini ya milisekunde 1 karibu kila mahali. Zinapoachana ni kwenye ule utepe wa mpakani, na ukifuatilia unakuta moja imegeuza namba ya pili na nyingine imeiacha.

Octave ni ya polepole, kwa kuwa inaoanisha vokseli moja baada ya nyingine. Kipande kimoja cha 256 kwa 256 ni vokseli 65,536, na zaidi ya nusu ni hewa tupu. Nimeweka kinyago kinachoacha kichwa peke yake. Jana umeme ulikatika wakati kazi ya seti kumi imefika ya saba, na betri ya laptopu yangu haishiki tena, kwa hiyo yote ikapotea. Sasa kila seti ikimalizika inahifadhiwa palepale, na programu ikiwashwa tena inaruka zilizokwisha. Mistari sita ya msimbo. Ningeiandika siku ya kwanza.

8 Februari

Fantomu. Ile iliyotumika kwenye changamoto ni ya ISMRM na NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani: tufe kubwa la maji lenye vitufe ndani. Safu ya T1 ina vitufe 14 vya kloridi ya nikeli, kuanzia karibu sekunde 2 kushuka hadi milisekunde 20 na kitu kwenye Tesla 3. Thamani za vitufe zinajulikana, kwa hiyo hapa hakuna kujitetea.

Vitufe vya T1 ndefu vimekaa vizuri. Vifupi vimeniruka vibaya. Mwanzoni nikatafuta kosa kwenye msimbo, kumbe jibu liko kwenye hesabu ya penseli. Kitufe chenye T1 ya milisekunde 22 kinavuka sifuri kwenye milisekunde 15. Picha yetu ya kwanza inapigwa 50, wakati usumaku umesharejea kwa takriban asilimia 80, na picha tatu zilizobaki zinakuta kazi imeisha. Namba moja tu ndiyo iliyobeba habari yote, nayo ina kelele. Hakuna programu inayoweza kuokoa data ambayo haikupigwa.

Nimeandika kwenye maelezo, kwa herufi nzito: mpango huu ni wa tishu za ubongo. Usiutumie kwa T1 fupi.

15 Februari

Fantomu ya NIST siwezi kuinunua, na sijui nani karibu nami anaweza. Kwa hiyo natengeneza yangu kwa mrututu (salfeti ya shaba), ule wa buluu, ndugu wa dawa za shaba ambazo wakulima wa kahawa wanapulizia kutu ya majani. Wangu ni wa maabara, maana wa dukani una vitu vingine ndani.

Shaba ikiwa ndani ya maji inafupisha T1, na inafanya hivyo kwa mpangilio mzuri mno: ukichukua moja ukaigawa kwa T1, jibu linaongezeka sawasawa na wingi wa shaba. Chora chupa tano, upate mstari ulionyooka. Usiponyooka, kuna kosa mahali, hata kama huna thamani rasmi ya chupa hata moja.

Mzani wangu haupimi vizuri chini ya nusu gramu, basi nimepima gramu 2.5 kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa, nikapata milimola 10 kwa lita, kisha nikazimua: mililita 50, 100, 200 na 400, kila moja ikajazwa hadi lita. Hizo ni milimola 0.5, 1, 2 na 4. Chupa ya tano ni maji matupu. Nimejaza hadi mdomoni kabisa kufukuza mapovu, maana povu moja la hewa linapinda picha pande zote.

Nilipokuwa nakoroga nilikuwa nawaza Mbarara, Uganda. Mwaka 2022 mashine ya MRI ya militesla 50 iliundwa pale pale chuoni: vifaa vilitoka Uholanzi kwa ndege, wakufunzi wanne na watu sita waliokuwa hawajawahi kuifanya kazi hiyo, na kuanzia mzigo kufika hadi picha ya kwanza ilikuwa siku kama 11. Kwenye sumaku ndogo namna ile T1 za tishu ni fupi kuliko za Tesla 3, na thamani za vitabuni hazikusaidii. Chupa za mrututu zinaweza kusaidia.

6 Machi

Leo tumepiga. Hospitali moja imenikubalia kutumia mashine yake ya Tesla 1.5 wagonjwa wakishaisha, nasi tukakubaliana baada ya futari. Mzunguko wa milisekunde 2550 mara mistari 256 ni karibu dakika 11 kwa TI moja, na TI ni nne. Hata haraka haikusaidii.

Dada wa zamu alishika chupa moja akaniangalia. "Mdogo wangu, hizi zina joto. Umetoka nazo kwenye bajaji?"

Nilitoka nazo kwenye bajaji. Chumba cha mashine kina nyuzi 20, nje ilikuwa zaidi ya 30. T1 ya maji inabadilika kwa takriban asilimia 2 hadi 3 kwa kila nyuzi moja, na chupa zingekuwa zinapoa wakati tunapiga: picha ya kwanza kwenye joto moja, ya nne kwenye jingine, halafu mimi nizioanishe kana kwamba ni kitu kimoja. Nilimwambia ukweli kwamba sikuliwaza hilo. "Basi zilale humu. Njoo kesho." Akaziweka kwenye kabati la koili na kuandika karatasi kwamba zisiguswe. Tuliitumia saa ile kupanga mpango wa upigaji, na alinisisitizia jambo la pili ambalo pia sikulijua: mashine isijirekebishe upya kati ya TI na TI, la sivyo kila picha itakuwa na nguvu yake ya kupokea mawimbi.

8 Machi

Tulipiga jana, chupa zikiwa zimelala. Nikafika nyumbani saa sita usiku, nikashindwa kusubiri, nikaandika mistari michache ya pydicom, zana ya Python, kusoma namba moja kwa moja kutoka kwenye mafaili ya DICOM, yale yanayotolewa na mashine yenyewe. Matokeo yalikuwa ya kukatisha tamaa. Mabaki makubwa kila chupa, T1 hazina mpangilio.

Asubuhi nimezitazama picha zenyewe kabla ya hesabu yoyote. Kwenye zote nne, chupa inayong'aa zaidi ilisoma karibu 4000. Hilo haliwezekani. Kwa chupa hizi, kwenye TI ya 400 ile inayong'aa zaidi haifiki hata nusu ya mng'ao wa TI ya 2500. Mashine hii inapohifadhi picha inazivuta namba zijaze nafasi yote hadi 4095, na kwenye kichwa cha faili inaacha namba ya kuzidishia ili uzirudishe. Kila mfululizo una namba yake. pydicom inakupa namba zilivyohifadhiwa, kuzidisha ni kazi yako.

Nimepitisha kila kitu kwenye dcm2niix, programu ya kugeuza mafaili ya DICOM, ambayo inazisoma namba hizo na kuzitumia. Mabaki yakashuka mara moja, chupa zote.

11 Machi

Chupa nne za shaba: milisekunde 1440, 960, 585 na 322. Nimegawa moja kwa kila T1 kwa sekunde: 0.69, 1.04, 1.71, 3.11. Nimezichora dhidi ya milimola.

Umenyooka. Mteremko ni 0.69 kwa milimola kwa sekunde, na mstari ukirudishwa nyuma hadi shaba sifuri unaangukia karibu na chupa ya maji matupu, ambayo ilisoma 2800. Nimeuchapisha, nimemtumia dada wa zamu kwenye simu. Amejibu kwa kuuliza lini tunarudia, ili tuone kama tutapata namba zile zile.

16 Machi

Maelezo ya Kiswahili yamefika kurasa 14. Kazi ngumu ilikuwa maneno. Nimeshikilia "muda wa mpinduo" kwa TI, "mabaki" kama yalivyo, na "kinyago". Ukurasa wa kwanza kabisa unahusu vizio, wa pili unahusu namba ya kuzidishia, na kila mmoja una picha ya ramani iliyoharibika ili mtu akiiona kwake aitambue. Msimbo wote nimeuweka wazi kwa leseni ya MIT, pamoja na data za chupa.

Chupa bado ziko kwenye kabati la koili. Tunarudia upigaji tarehe 28, mpango ule ule, bila kugusa chochote. Siku hiyo hiyo, zikibaki dakika, tutapiga mfululizo wa mwangwi mwingi, yaani picha kadhaa kwa nyakati tofauti baada ya wimbi moja la redio, kwenye chupa zile zile na nianze T2*.